Nilipewa Kazi na Mtani

Mlioniacha wiki iliyopita mliniacha mahali pabaya. Nilikuwa jikoni kwa watu, kule Msambweni, kwenye hoteli mpya ambayo hata rangi ya ukuta ilikuwa haijakauka. Mwiko mkononi, ninapikishwa wali wa nazi na kuku wa kupaka ili waone kama ninafaa kuajiriwa. Kazini kwangu Diani nilikuwa nimeaga kwamba tumbo linaniendesha. Ndipo mlango ukafunguka, na aliyeingia akawa ni meneja wangu mwenyewe, Bwana Nthiwa.

Wengi mmenipa pole. Wengi zaidi mmecheka, na nimewasikia. Chekeni tu, bado hamjafika penyewe.

Kwa asiyenijua, mimi ni Fondo. Kila asubuhi, katika hoteli moja ya pale Diani, nilikuwa ninasimama mbele ya jiko dogo na kuwakaangia wageni mayai. Si wali, si samaki, ni mayai basi. Mgeni huyu anataka yaliyoiva, yule anataka yanayotikisika, mwingine anataka ute bila kiini, nami ninatabasamu kama niliyepewa zawadi.

Ukunda nzima inaniita Mayai. Vijana wa bodaboda wananiita Mayai. Mwanangu alipoulizwa shuleni baba yake ni nani, alisema ni Mayai, na mwalimu akaelewa. Ndiyo sababu nilianza kutafuta kazi nyingine huku hii nikiwa nayo bado. Nilitaka kupika chakula cha maana, watu waache kuniita kwa kitu kinachotoka kwa kuku.

Sasa turudi jikoni.

Nthiwa ni mtu wa Kitui. Alikuwa amealikwa na wenye hoteli, pamoja na mameneja wengine, aje kuliona jiko jipya. Alinitazama mimi, akaitazama sufuria, kisha akalitazama tumbo langu.

"Fondo," akasema, "si wewe uko sick?"

Kabla sijapata uongo wa pili, akajitokeza mpishi mkuu wa pale, anaitwa Tembo. Tembo ndiye aliyeniita kwenye majaribio. Tembo pia ni mtani wangu. Ukoo wao na ukoo wetu wanataniana tangu enzi za mababu. Akinikuta msibani anaweza kunipaka majivu usoni, nami sina ruhusa ya kununa.

"Huyu haumwi," Tembo akamwambia meneja wangu, kwa sauti ya mtu wa mnadani. "Amekuja kutafuta kazi kwangu. Amesema amechoka na mayai yako na uso wako."

Kila neno lilikuwa la kweli. Hata hilo la uso nililisema.

Akili yangu kwa kawaida hufika wiki moja baada ya shida, lakini siku hiyo ilifika mapema. Nikacheka. Nikamshika Nthiwa mkono, nikamweleza kwamba huyu ni mtani wangu, na kwa watu wetu mtani husema analotaka na hakuna kukasirika. Nikamweleza pia kwamba mtani akikiona kitu chako hukishika, nawe huna budi kwenda kukikomboa. Tembo alikuwa amemshika jogoo wangu, na mimi, pamoja na tumbo langu hili bovu, nilikuwa nimekuja kumkomboa kwa kupika.

Tembo hawezi kuuona uongo mzuri ukipita bila kuusindikiza. Akaongeza kwamba jogoo mwenyewe ndiye huyo aliye kwenye sufuria.

Nthiwa alicheka mpaka akaliegemea friji. Kwao, alisema, ukitamka maneno kama hayo mnaenda kumalizia kwa chifu. Akataka kujua zaidi: nani anamtania nani, na je, hakuna mpaka?

Nikamwambia mpaka upo mmoja, nao ni mkwe. Mtani awe mtukutu kiasi gani, mama mkwe akiwa amekaa hapo, utani unakufa. Mtu huinamisha kichwa akasema ukweli mtupu, tena kwa sauti ya chini. Nilimfundisha vizuri sana, kama mwalimu anayetaka mwanafunzi wake apite mtihani. Laiti ningeuuma ulimi wangu.

Nthiwa akala kuku wa kupaka, akajilamba vidole, akaniambia nipone haraka. Nikarudi nyumbani nikijiona mjanja.

Siku chache baadaye Tembo akanipigia simu.

"Umepata kazi, Fondo. Wenye hoteli wameusifu wali wako. Acha hiyo kazi ya kunyang'anya kuku watoto wao. Mwezi ujao uanze huku, chakula chote cha Kiswahili ni chako."

Nilikaa juu ya kreti ya soda. Machozi yalinilenga, sitaficha. Nikawaza nitakavyopita stendi ya Ukunda nimebeba harufu ya iliki badala ya harufu ya mafuta ya kukaangia.

Kisha nikakumbuka ninazungumza na nani.

Nikamuuliza kama ni kweli. Akasema ni kweli kama uzuri wa sura yangu. Nikamwambia aape. Akaapa kwa meno ya bibi yangu, na bibi yangu hana hata moja. Nikamwomba barua ya kuajiriwa. Akasema barua atampa jogoo ailete.

Mnaona tabu yangu? Mtani akisema ndiyo, huenda ni hapana. Akisema hapana, huenda ni ndiyo. Na hapakuwa na mwingine wa kuuliza, maana wenye hoteli walikuwa wamerudi kwao Ulaya mpaka siku ya ufunguzi, na mambo yote ya jikoni walikuwa wamemwachia yeye.

Mke wangu Mbodze, ambaye husuka nywele pale Ukunda na kwa hiyo husikia kila kitu, aliniambia maneno machache. "Usiache kitu. Ngoja uione hiyo barua kwa macho yako." Nikamjibu kwamba mwanamume hangojei barua kama mtoto anayengojea kifungua kinywa. Sijui maana ya maneno yale mpaka leo, lakini wakati ule yalinipendeza.

Nilikuwa na mpango wangu. Si nimewaambia mpaka wa utani ni mkwe? Basi nikapeleleza, nikaambiwa kwamba Jumapili Tembo atakuwa Mkongani, nyumbani kwa kina Kadzo, mke wake. Nikanunua sukari na majani ya chai, nikapanda bodaboda hadi huko.

Nilimkuta ameketi uani juu ya kigoda, kichwa chini, mikono katikati ya magoti. Sijawahi kumwona Tembo ametulia hivyo. Mama Kadzo alikuwa kwenye kiti chake, kanga kichwani, uso umekaza. Wazee wawili walikuwa pembeni. Mbuzi walikuwa wamefungwa nyuma ya pikapu, na mmoja alikuwa akivutwa masikio, analia.

Moyoni nikamsifu Tembo. Huyu ndiye mkwe, nikasema. Ameoa siku nyingi na bado anawaletea wakwe mbuzi. Mimi mama mkwe wangu ninampelekea salamu za simu. Nikaona haya.

Nikaamkia shikamoo, nikaweka sukari chini. Hakuna aliyeniletea maji ya kunywa. Kadzo mwenyewe hakutokeza hata kichwa. Nikasema ni jua hili, watu wamechoka.

"Tembo," nikasema, "mbele ya mama yetu hapa. Ile kazi uliyonipa, ni kazi au ni utani?"

Tembo hakuinua macho.

"Ni kazi, Fondo," akasema kwa sauti ya chini. "Andika uache huko."

"Umeshajibiwa, baba," Mama Kadzo akaniambia. "Sasa tuache tumalize letu."

Nikashukuru, nikaondoka mbio. Kichwa kimeinama, sauti ya chini, mkwe amekaa. Kuna mkataba gani wa kushinda huo? Njia nzima nilimwimbia mtu wa bodaboda, na yeye akaongeza mwendo ili anifikishe haraka ninyamaze.

Kesho yake nikampelekea Nthiwa barua ya kuacha kazi.

Aliisoma. Akanitazama. Kisha akacheka mpaka akatoa leso.

"Enyewe umenipata, bana," akasema. "Kumbe na mimi sasa ni mtani wako?"

Nikamwambia si utani. Akacheka zaidi. Akaipeleka barua mapokezi wakaicheka pamoja, ikarudi ina alama ya kikombe cha chai. Nikamfuata ofisini, nikamwambia tena kwamba ninaondoka. Akasema na yeye anaondoka, amepata kazi ya kuwa rubani. Nikamfuata kwenye maegesho. Akasema kama ninaacha kazi basi nimwachie jogoo.

Wiki hiyo nilikuwa mtu wa kwanza Diani kushindwa kuacha kazi. Wenzangu wanafukuzwa wakiwa hawataki, mimi ninaomba kutoka na mlango haufunguki. Mwezi ulikuwa unakwisha. Nikaona Msambweni inanipita hivi hivi kwa sababu ya elimu niliyomgawia Nthiwa bure.

Mwishowe nikamkuta amesimama karibu na jiko langu, asubuhi, wageni wameshakula. Nikamwambia kwa uchungu kwamba hii si dhihaka, ni maisha yangu.

"Kama ni ukweli," akasema, bado anatabasamu, "si useme mbele ya mkwe? Ndio rule, si ni wewe ulinifunza?"

Na mimi, mpumbavu, nikatoa simu.

Mama mkwe wangu anakaa Mackinnon Road, ana mkahawa ambapo madereva wa malori husimama kunywa chai. Ni mama mmoja asiyecheka ovyo. Nikampigia, nikaweka sauti kubwa Nthiwa asikie. Nikainamisha kichwa, ijapokuwa haoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Ninakuarifu, na meneja wangu yuko hapa anasikia, kwamba kazi ya hapa nimeiacha. Nimepata kubwa zaidi Msambweni."

Kwanza ilisikika honi ya lori. Kisha akasema, "Alhamdulillahi. Mungu akuzidishie. Sasa utaacha kunuka mayai." Hakuwa akitania, maana yeye hanitanii. Alikuwa ananiambia tu alichokuwa amekificha miaka yote.

Nikakata simu. Nthiwa alikuwa ameacha kucheka. Alinipa mkono, akaushika wangu kwa mikono yake miwili, na nikaona kwamba kweli amehuzunika. Alisema nimekuwa mfanyakazi mzuri. Hakuwa amewahi kuniambia hivyo. Akaingia ofisini akatia sahihi.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Eunice amesimama mbele ya jiko langu. Eunice anatoka upande wa keki na mikate, na nilitakiwa nimwonyeshe kazi kabla sijaondoka. Hakuhitaji kuonyeshwa. Alikuwa akivunja yai kwa mkono mmoja huku akimsalimia mgeni kwa Kijerumani. Nilisikia kitu kikinikata moyoni. Kazi niliyoitukana mchana na usiku, mwenzangu alikuwa ameishika kama iliyomngojea yeye tangu zamani.

Nikajiambia, Fondo, wewe mtu wa wali sasa.

Mchana simu ikalia. Alikuwa Mbodze.

"Wale mbuzi uliowaona kwa kina Kadzo," akasema, "walikuwa wanashushwa au wanapakiwa?"

Nikafikiri. Nikamwona tena yule mbuzi anayelia. Mtu aliyemvuta masikio alikuwa wapi? Alikuwa juu ya pikapu.

"Wanapakiwa," nikasema.

"Ndiyo hivyo basi. Nimemsuka mama mmoja wa Mkongani sasa hivi. Tembo na Kadzo wameachana. Siku ile alikwenda kurudishiwa mahari yake. Yule mama si mkwe wake tena."

Nilitafuta kreti ya kukalia, sikuiona, nikakaa chini. Nikamuuliza Mbodze, mkwe huacha kuwa mkwe saa ngapi hasa: mbuzi wa kwanza akipanda gari, au mpaka wa mwisho apande? Maana mimi niliuliza mbuzi mmoja akiwa bado chini. Mbodze akaniambia kwamba yeye alinishauri ningoje barua, na kwamba ana kichwa cha mtu mkononi, akakata simu.

Nikabaki nikihesabu yanayowezekana. Huenda Tembo alisema kweli. Huenda alikuwa huru na mkwe, akaona huyu mjinga amejileta mwenyewe, ngoja nimtanie mbele ya wazee. Au huenda, na hili ndilo lililoniuma, mtu alikuwa ameketi pale anatengana na mke wake, mimi ninamuuliza habari za wali, naye akanijibu chochote ili niondoke.

Nikampigia. Alipokea.

"Tembo, niambie tu. Ile kazi ipo?"

"Fondo gani?" akasema. "Hapa hatuajiri mayai." Kisha akacheka, au alikohoa, simu ikakatika. Nikapiga tena, haikupatikana.

Ninyi mtasema nimepata jibu. Ninyi hamna watani. Kwa mtani, maneno yale ni sawa na kusema karibu sana uje na aproni yako.

Nikaenda mbio kwa Nthiwa. Alikuwa kule kule kwenye chumba cha chakula, anamwangalia Eunice akisugua kikaango. Nikavaa kicheko kikubwa nilichokuwa nacho.

"Bosi," nikasema, "nimekuweza. Ile ya kuacha kazi ilikuwa utani."

Hakucheka. Alinitazama kwa makini ya mwanafunzi anayerudia somo.

"Mbele ya mkwe hakuna utani," akasema.

"Ndiyo, lakini..."

"Na wewe ulisema mbele ya mkwe. Nilisikia na hizi masikio. So ni moja kati ya mbili, Fondo. Ama ulisema ukweli, na umeenda. Ama ulikuwa unatania mama mkwe wako."

Nilijaribu kutafuta la tatu. Halikuwapo. Nilikuwa nimelijenga lile boma mwenyewe, nikaingia ndani, nikamkabidhi Nthiwa mlango.

Nthiwa si mtu mbaya. Hilo ndilo linalonikera zaidi. Alifikiri kidogo, akasema kwamba yeye hana shida na mimi, na Eunice anaweza kurudi kwenye mikate yake. Anachotaka ni mambo yawe sawa kulingana na mila yetu. Akachukua simu yangu mezani, akanirudishia.

"Mpigie. Mwambie ulikuwa unamtania. Akisema ni sawa, kesho ukuje kazi."

Hebu nyinyi jiwekeni pale. Katika ukoo wa Mbodze, mkwe aliyethubutu kumtania mama hatozwi faini tu. Mke wake huitwa nyumbani, akakae huko na watoto mpaka wazee waridhike. Na wazee wenyewe wakiwa na cha kula mbele yao hawana haraka ya kuridhika. Nikinyamaza, sina kazi. Nikisema, huenda kazi nikaipata na nyumba nikaikosa.

Nikapiga.

Simu ikaita. Nthiwa akainama, akabonyeza ile sauti kubwa mwenyewe. Eunice akafunga bomba la maji asikie vizuri.

"Baba," mama mkwe akasema, kabla hata sijamwamkia, "afadhali umepiga. Nilikuwa ninakutafuta. Nimechinja leo, nimewaita wazee wote wakuombee dua kwa hiyo kazi yako. Wamekaa hapa wamekwisha nawa mikono, nimeweka simu katikati wanakusikia. Haya, ulitaka kusemaje?"